Kiti cha Waziri

Yapo makumbusho yanayomwonyesha mgeni mateso, na yapo yanayomwonyesha meza. Makumbusho ya Stasi mjini Berlin ni ya aina hii ya pili. Baada ya kuyazunguka asubuhi nzima nilitoka na sifa moja ya kuyapa, na lawama moja.

Jengo lenyewe, lililojengwa mwaka 1960 na 1961 katika mtaa wa Lichtenberg, lilikuwa sehemu ya makao makuu ya wizara ya usalama ya Ujerumani ya Mashariki. Tarehe 15 Januari 1990 wananchi waliyavamia makao hayo. Ghorofani, ofisi ya Erich Mielke, waziri tangu 1957 hadi 1989, imeachwa kama ilivyokuwa: kuta za mbao, simu mezani, viti vimenyooka. Ipo hata kadi iliyochorwa kuelekeza namna ya kumtandikia waziri kifunguakinywa: kikombe hapa, mkate pale. Nilicheka, kisha nikakijutia kicheko changu. Wizara iliyopenda utaratibu kiasi hicho ndiyo iliyoacha mafaili ambayo, yakipangwa, yanafika kilomita 111.

Hiyo ndiyo sifa. Makumbusho haya yanafundisha kwamba dhuluma haiji na mapembe. Huja na kalamu, mhuri na chai ya asubuhi. Lawama ni kwamba mgeni husimamishwa upande wa waziri. Vyumba vya mahabusu viko kwingine, Hohenschönhausen, na asiyefunga safari ya pili atarudi kwao akikumbuka samani.

Wasemao kuwa haya ni mambo ya Wazungu hawaijui Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani ya Mashariki ilitujengea maghorofa ya Kikwajuni, na Stasi nayo ikaja kuwafunza watu wa usalama. Nimekulia katika nyumba ambamo marehemu mama hakumtaja mtu kabla ya kuipandisha sauti redio. Mbele ya meza ile nilijikuta nateremsha sauti, hata mwanangu niliyefuatana naye akaniuliza, "Baba, mbona unanong'ona?" Sikuwa na jibu fupi.

Kubwa kuliko ofisi ile ni jambo lisilotoshea ndani ya kabati la vioo: sheria ya 1991 iliyowapa watu haki ya kusoma mafaili yao wenyewe. Mamilioni wameomba. Lau ningelikuwa mpangaji wa makumbusho yale, ningelianza na kiti cha msomaji huyo, aliyefunguliwa faili na kuikuta hati ya jirani yake, si kiti cha waziri.

Mama alifariki bila ya kujua kama jina lake liliwahi kuandikwa mahali popote. Redio aliipunguza siku za mwisho tu, kwa sababu kichwa kilikuwa kikimuuma.