Uhariri au Mshono? Istilahi za Picha na Sauti katika Tamthilia ya Televisheni

Neno tamthilia limekaa vizuri katika Kiswahili. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule uliotupatia methali na mithili. Ndani yake mna wazo la kufananisha jambo kwa mfano. Walimu wetu wamelifundisha kwa miaka mingi pamoja na istilahi zinazoandamana nalo: wahusika, onyesho, mazungumzo, fani na maudhui. Lakini istilahi hizo ziliwekwa kwa ajili ya tamthilia iliyoandikwa kitabuni na kuchezwa jukwaani. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Zanzibar ilianza kurusha televisheni katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo msingi wa istilahi zetu za sanaa za maonyesho uliwekwa wakati ambapo Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Si ajabu basi kwamba tunao utajiri wa maneno ya kueleza asemayo mhusika, na umaskini wa maneno ya kueleza yanayosemwa na kamera, na mkato, na mlio.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba umaskini huo una hasara. Mfasiri asiyekuwa na jina la kitu hukiruka, na mwalimu asiyekuwa na jina lake hakifundishi. Mifano yangu nitaitoa kwa kumfikiria mtazamaji wa Iyula, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, ambako wengi huzungumza Kinyiha nyumbani na kukutana na Kiswahili shuleni, ofisini na mbele ya televisheni. Mtazamaji wa namna hii ni kipimo kizuri, kwa sababu hategemei maneno peke yake. Husoma nyuso, huhesabu kimya, na hutambua haraka pale neno na picha vinapogombana.

Tuanze na kamera. Kila kamera huchagua mahali pa kusimama, na uchaguzi huo ni hukumu. Ikimtazama mtu kutoka chini humkuza. Ikimtazama kutoka juu humdunisha. Ikiusogelea uso wake hutwambia kwamba jambo kubwa linatendeka moyoni, hata kama mdomo umefungwa. Hata hivyo, maana haikamiliki bila adabu ya kutazamana waliyolelewa nayo watazamaji. Kwa jirani zetu Wanyakyusa, mila ya zamani ilimkataza mke wa mwana kuonana na baba mkwe wake. Mtu mwenye kumbukumbu ya mila kama hiyo akionyeshwa uso wa mkwe, kisha uso wa mke wa mwana, macho kwa macho, aweza kuona ufidhuli mahali ambapo mtunzi wa mbali alikusudia mazungumzo ya kawaida tu. Istilahi “picha ya karibu” yaeleza umbali wa kamera, nayo yatosha kwa kazi hiyo. Haielezi nani anamtazama nani. Yafaa basi tuwe na neno la pili, nami napendekeza “mtazamano”, yaani picha mbili za nyuso zinazofuatana na kujibizana. Hapo ndipo heshima na dharau hudhihirika.

Jambo hili linawagusa wafasiri moja kwa moja. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, “Doudou na Mama Wakwe Zake”. Ilipendwa, hata Rais Xi Jinping wa China akaitaja katika hotuba yake mjini Dar es Salaam mwezi wa Machi mwaka 2013. Tangu hapo tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti za Kiswahili, za Kichina na za Kituruki, zimezidi kuingia majumbani. Mfasiri wa tamthilia hizo hana uwezo wa kuigeuza kamera. Uwezo wake ni kuchagua neno litakalopatana na kinachoonekana. Tuseme kwamba kijana yuko mbele ya mama mkwe, ameinua kidevu, na kamera imemwonyesha kutoka chini. Akitamkishwa “Shikamoo, mama” kwa sauti ya unyenyekevu, tutapata watu wawili katika mwili mmoja: anayeonekana hana haya, na anayesikika ana adabu. Salamu ni sahihi kwa kamusi na kwa desturi, ila picha imeikana.

Sasa tuje kwenye neno lililozoeleka zaidi na linalopotosha zaidi, yaani “uhariri”. Katika gazeti, kuhariri ni kusahihisha: mhariri huondoa makosa, hupunguza urefu, hunyosha sentensi. Habari ilikuwapo kabla yake. Kazi yake ni kuisafisha. Neno hilo likihamishwa kwenda kwenye picha, mwanafunzi hudhani kwamba mhariri wa tamthilia naye ni mfuta makosa. Sivyo hata kidogo. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Kisovieti, mwongozaji Lev Kuleshov wa Urusi aliunganisha uso ule ule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na picha mbalimbali, zikiwamo ya bakuli la supu na ya jeneza. Uso haukubadilika, lakini mtazamaji aliuona mara una njaa, mara una msiba. Maana haikuwamo katika uso wala katika jeneza. Ilizaliwa pale vilipokutana.

Jaribio hilo laweza kurudiwa Iyula kwa vitu vya Iyula. Onyesha uso wa mkulima aliyetulia, kisha kahawa iliyoanikwa vichanjani: watazamaji wataona mtu aliyeridhika na mavuno yake. Onyesha uso ule ule, kisha kichanja kitupu: wataona mtu aliyeibiwa. Hakuna kosa lililosahihishwa hapa. Vipande viwili vimeunganishwa, na muungano umesema jambo ambalo kila kipande peke yake hakikulisema.

Kwa sababu hiyo napendekeza tulitazame upya neno hili kwa kwenda kwa fundi cherehani, ambaye hukata na kushona kila siku. Kipande ni picha moja isiyokatika. Mkato ni pale kinapoishia. Mshono ni pale kinapokutana na chenzake na kuzaa maana. Kazi nzima yaweza kuitwa ushonaji wa picha. Vijana wa studio hutumia “shoti” kwa kipande na “kuediti” kwa kazi yote. Sina ugomvi na maneno ya mkopo yanapofika yakiwa na maana moja, lakini “shoti” tayari ni hitilafu ya umeme, na kwa mwenye duka ni upungufu wa fedha katika hesabu. Wapo watakaosema kwamba mshono unakumbusha kiraka. Nami najibu kwamba mshono mzuri hauonekani, na mshono wa makusudi huonekana kama pambo. Mambo hayo mawili ndiyo hasa yanayotendeka katika tamthilia.

Kuhusu sauti, kosa letu ni la tafsiri sisisi. Waandishi wengi husema “athari za sauti” kwa maana ya milio inayoongezwa katika mchezo. Lakini athari kwa Kiswahili ni alama au matokeo yanayobaki baada ya tendo: athari za ukame, athari za vita. Anayesoma “athari za sauti” ana haki ya kufikiri kuhusu masikio yaliyoumia. Na lugha yetu wala haikukosa maneno: tunacho kishindo, mvumo, ngurumo, mwangwi na mchakacho. Jina la jumla “milio” latosha.

Redio ilitufundisha thamani ya milio kabla ya televisheni. Mchezo wa “Twende na Wakati”, ulioanza Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, ulikuwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju. Katika mchezo wa redio, ngurumo ya injini yaweza kumleta mhusika nyumbani kabla hajafungua kinywa, na mtu wa barabara ya Tunduma haihitaji maelezo. Televisheni huuongezea mlio uwezo mwingine: waweza kuipinga picha. Rudi kwa mkulima wetu na kahawa yake. Usibadilishe picha hata moja. Ongeza tu ngurumo ya radi kwa mbali. Ule uso ulioridhika sasa una hofu.

Hapo ndipo utiaji sauti unapohitaji uangalifu. Iwapo muziki na milio havikuhifadhiwa mbali na maneno ya asili, maneno yakifutwa radi nayo hufutika. Wasimulizi wa filamu katika vibanda vya video walikabili tatizo hilo kwa njia yao. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, mbele ya watazamaji na katika kanda za video. Msimulizi wa aina hii hufunika milio na huvunja kimya. Lakini pia hueleza kwa maneno kile ambacho picha imekidokeza tu. Ni mfasiri wa kamera, ingawa hakupewa cheo hicho. Mfasiri wa studio, mwenye vyombo bora kuliko yeye, mara nyingi hukabidhiwa karatasi ya maneno peke yake.

Hatuna budi, kwa hiyo, kuomba mambo mawili. La kwanza, orodha ya istilahi za tamthilia ipanuliwe ili kipande, mkato, mshono, mtazamano, mlio na kimya viwe na fasili zake, na walimu wavifundishe sambamba na wahusika na maudhui. La pili, ofisi inayoagiza tafsiri ya tamthilia impe mfasiri picha na sauti pamoja na maandishi, maana bila hivyo anatafsiri theluthi ya kazi na kulaumiwa kwa kazi nzima. Maneno niliyoyapendekeza yanaweza kukataliwa na mengine bora yakatafutwa. Lakini yatakayochukua mahali pake yataje kazi ambayo kitu kinafanya katika maana, ili mwanafunzi wa Iyula akiulizwa kwa nini mkulima ameogopa, aweze kujibu kwa Kiswahili kwamba ni kwa sababu ya radi iliyosikika na haikuonekana.