Kijitabu Kisichojua Kusema Hapana

Juu ya meza yangu kipo kijitabu cha tiba za mimea nilichokinunua stendi ya mabasi ya Shinyanga, kwa kijana aliyepanda basi letu na mfuko wa mizizi begani. Sitakitaja jina, wala mtungaji wake, maana vijitabu vya namna hii vimeenea kutoka Kahama hadi Katoro, na vyote ni ndugu wa tumbo moja. Nimekisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa shaka, na ya tatu kwa uchungu.

Nianze na sifa, kwa kuwa kinazo. Mtungaji ametanguliza chakula mbele ya dawa. Anatuasa tule tumekaa, tutafune taratibu, na tusirudie kula kabla chakula cha kwanza hakijashuka. Anayasifu mafundisho ya Ayurveda, elimu ya tiba ya Wahindi ambayo maandishi yake makuu yana umri wa miaka 2,000 hivi, yanayomtaka mtu ale kwa kufuata majira na hali ya mwili wake.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, kwani nilimwona bibi yangu. Neno Ayurveda hakupata kulisikia, lakini kwake ugali wa mtama haukuliwa kwa kusimama. Kiangazi tulikula michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, hivi vikiwa vibichi na hivi vikiwa vimechemshwa kwanza. Mboga ilikuwa nsansa, majani ya kunde yaliyoanikwa. Mvua zikinyesha, mlenda mbichi ukarudi chunguni. Jioni wanaume walizunguka moto wa shikome wakala sahani moja, na mtoto asiyejua kungoja wenzake alifundishwa kungoja. Leo nenda kwenye machimbo uone kijana anavyomeza chipsi huku mkono mwingine umeshika sururu. Hapo mtungaji amesema kweli tupu.

Amesema kweli pia kwamba miti haina mipaka. Mwarobaini unaotupa kivuli katika nyua za Shinyanga asili yake ni Bara Hindi, na mlonge kadhalika. Mkwaju nao ulisafiri kinyume: kwao ni Afrika, ukazoea India zamani sana hata Waarabu wakauita tende ya Kihindi. Basi anayechukia dawa za wageni na aanze kwa kuukata mwarobaini wa uani kwake.

Sasa nije kwenye kasoro. Ya kwanza ni kipimo. “Chemsha majani ya kutosha, unywe mpaka upone.” Kutosha kwa nani? Kwa mtu mzima, kwa mjamzito, au kwa mtoto wa miezi sita? Mafuta ya mwarobaini yamepata kuwadhuru vibaya watoto wadogo waliynyweshwa kwa nia njema. Bibi alikuwa na kikombe chake cha bati, na kabla hajamimina aliuliza umri wa mgonjwa na alichokula asubuhi. Kijitabu hakiulizi kitu.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Katika kurasa zake zote, hakuna mahali mtungaji anapokiri kwamba ugonjwa fulani umemshinda. Ukurasa wa kikohozi unasema dawa hiyo ni ya “kikohozi cha aina zote”.

Mdogo wangu alikuwa mchimbaji mdogo upande wa Geita. Alifanya kazi kwenye karasha, akisaga mawe ya dhahabu, na jioni alirudi mweupe kwa vumbi kama mtu aliyetoka kusaga unga. Akaanza kukohoa. Wenzake walimwambia maziwa huosha vumbi kifuani, naye akanywa maziwa. Kijitabu, ndugu ya hiki changu, kikamwambia achanganye unga wa mlonge na mizizi fulani. Nilipompigia simu alinijibu, “Kaka, usiwe na hofu, ni vumbi tu, nami niko kwenye dozi.” Dozi hiyo ilidumu miezi mitano. Siku aliyoshuka kwenye basi nyumbani, suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba.

Hospitali walipima makohozi wakakuta kifua kikuu. Vipimo na vidonge vyake ni bure katika hospitali za serikali. Alimeza vidonge miezi 6 akapona. Lakini pumzi yake haikurudi yote, maana vumbi la mawe huacha makovu ndani ya mapafu, na mapafu yenye vumbi hilo hushikwa upesi na kifua kikuu. Makovu hayo hayaoshwi na maziwa. Maziwa huenda tumboni, na vumbi liko mapafuni.

Siulaumu mlonge. Majani yake ni mboga njema na mpaka leo tunayala. Ninalaumu sentensi moja iliyokosekana: “Hiki si changu, nenda ukapime.”

Wala asiniambie mtu kwamba sentensi hiyo ni ya kizungu. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vikongwe vya Ayurveda ambayo mtungaji anaisifu, huyagawa magonjwa kati ya yale yanayotibika na yasiyotibika, na humwonya tabibu asiyapokee yaliyomshinda. Nfumu wa kijijini kwetu aliletewa mtoto mwenye degedege, akamtazama, akamwambia baba yake, “Huyu si wangu, wahi hospitali.” Hakuchukua hata senti. Heshima yake iliongezeka siku ile.

Tena “asilia” si jina jingine la “salama”. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichunguza dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, na katika 14 walikuta risasi, zebaki au aseniki. Si zote, lakini si chache. Huku kwetu, ambako wachimbaji huichoma zebaki ili wabaki na dhahabu na moshi wake huingia vifuani, nani anahitaji kuongezewa zebaki kwenye kijiko? Unga usio na jina la mti wala la aliyeusaga haustahili kuingia mdomoni.

Nilipofika kurasa za mwisho, kicheko kilikuwa kimekwisha. Baada ya tumbo na kikohozi, mtungaji anauza mvuto wa dhahabu. Asiyejua kusema hapana kwa kikohozi, atawezaje kusema hapana kwa tamaa? Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua ndagu ilikotufikisha. Watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa sababu ya ahadi za utajiri, hata mnamo Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Sheria ya Tiba Asili ya mwaka 2002 ilikuwa imewatambua. Sasa mchimba mizizi mwaminifu akawekwa kapu moja na mpiga ramli. Vitabu vinavyowachanganya katika jalada moja vinaendeleza dhuluma hiyo.

Ninatamani kijitabu bora, na mfano wake uko hapa hapa Shinyanga. Nchi hii ilikuwa imekaribia kuwa jangwa. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulitumia desturi ya Wasukuma ya ngitili: eneo la malisho linafungwa wakati wa mvua ili kiangazi ng'ombe wapate majani. Miti ilirudi, na mizizi ya dawa ikarudi pamoja nayo. Ngitili ni nini, kama si jamii kuambiana “hapana, bado”?

Kijitabu sijakitupa. Ukurasa wa mlo ninausoma, na wajukuu nimewasomea. Kwenye ukurasa wa kikohozi nimeandika pembeni kwa wino: “Ukikohoa wiki mbili, nenda ukapime makohozi.” Kisha nimempa mdogo wangu akasome. Alisoma polepole, akapumzika kidogo kuvuta pumzi, akasema, “Kaka, ungeniandikia haya mapema.”