Mzee, Mnyama na Mwili: Uhakiki wa Filamu ya Panda Plan

Utangulizi

Filamu za mapigano kutoka Hong Kong zimekuwa sehemu ya utamaduni wa miji ya mwambao wetu kwa takriban nusu karne. Kizazi kilichomjua Bruce Lee katika majumba ya sinema ya miaka ya 1970 ndicho kilichomrithisha Jackie Chan kwa watoto wake kwa njia ya kanda za video. Majumba mengi ya sinema ya Mombasa yalipofungwa, filamu hizo zilihamia katika vibanda vya mitaani, na humo zikapata fanani wapya: wasimulizi kama DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania, ambao hawakutafsiri tu maneno ya wahusika bali walizitamba upya hadithi hizo kwa Kiswahili. Licha ya hayo, wahakiki wetu wamezishughulikia filamu hizi kwa nadra sana, pengine kwa kudhani kwamba kitu kinachochekesha hakistahili kufikiriwa.

Makala haya yanaihakiki Panda Plan, filamu ya Kichina iliyotolewa mwaka 2024 chini ya uongozi wa Zhang Luan. Msuko wake ni mwepesi. Jackie Chan, aliyezaliwa mwaka 1954 na aliyekuwa na umri wa miaka 70 filamu ilipotoka, anaigiza nafsi yake mwenyewe: nyota mashuhuri aliyealikwa katika bustani ya wanyama kumfadhili mtoto wa panda. Mamluki wanavamia ili wamteke mnyama huyo, na mzee analazimika kumwokoa. Hoja yetu ni kwamba ucheshi huu unagusa suala zito, yaani nini hasa anachoweza kukiokoa mtu ambaye nguvu zake zimekwisha, lakini filamu inalikwepa suala hilo kila linapojitokeza.

Hadhira ya Kibarani

Tuliitazama filamu hii katika kibanda cha video huko Kibarani, kando ya njia ya Makupa iingiayo kisiwani Mombasa. Mahali hapa palijulikana kwa miaka mingi kwa jaa lake la taka, mpaka jaa hilo lilipofungwa mwishoni mwa muongo wa 2010 na miti kupandwa. Hadhira ilikuwa ya rika zote. Vijana walicheka panapochekesha. Kwenye benchi la mbele alikuwapo mzee mmoja aliyesema kwamba amekuwa akimfuata Jackie Chan tangu ujana wake. Huyu hakucheka sana. Filamu ilipokwisha alimgeukia aliyekaa jirani naye, akauliza: "Mwanangu, hapo kaokoa nini?"

Swali hilo halikuwa la dhihaka. Panda anayeonekana katika filamu hii kwa sehemu kubwa ni picha iliyotengenezwa kwa kompyuta, na jicho la mtazamaji mzoefu haliwezi kudanganywa kwa muda mrefu. Mzee yule alikuwa amelenga kiini cha sanaa ya Jackie Chan bila ya kutumia istilahi yoyote ya kihakiki. Uhakiki unaofuata ni jaribio la kulijibu swali lake.

Mkataba wa mwili

Kila sanaa ina mkataba baina ya msanii na hadhira yake. Mtambaji wa ngano hutaka idhini, na hadhira ikishaitikia, sungura anaruhusiwa kusema. Mkataba wa Jackie Chan ulikuwa wa namna nyingine: kile mnachokiona kimetendeka. Katika Project A ya mwaka 1983 alijiachia kutoka juu ya mnara wa saa. Mwaka 1986, wakati wa kupiga picha za Armour of God, alianguka kutoka mtini akapasuka fuvu la kichwa. Desturi ya kuonyesha makosa na majeraha mwishoni mwa filamu zake haikuwa pambo, bali ilikuwa ithibati. Msanii aliionyesha hadhira stakabadhi ya maumivu yake, na hadhira ikamlipa kwa imani.

Mkataba wa aina hii una kasoro moja: hauwezi kutiwa saini milele. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Mwimbaji akizeeka hupunguza sauti, mwandishi akizeeka hupunguza kurasa, lakini aliyeuza miruko atapunguza nini? Katika Panda Plan jibu ni kwamba hapunguzi kitu. Hila za kamera na uhariri wa kasi humfanya mzee wa miaka 70 aonekane kama kijana. Mkataba umevunjwa, lakini msanii anaendelea kudai malipo yake.

Kinaya kinazidi kwa kuwa mhusika ni Jackie Chan mwenyewe. Mbinu ya kumfanya shujaa ajue kuwa yeye tayari ni hadithi si ngeni. Cervantes aliitumia katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyochapishwa mwaka 1615, ambamo shujaa anakutana na watu waliokwisha kuisoma sehemu ya kwanza. Huko mbinu hiyo inauma, kwa sababu sifa ya shujaa inawapa wengine silaha ya kumdhihaki. Katika Panda Plan mbinu inabembeleza. Sifa ya shujaa ni ngao, na hakuna mahali ambapo inamgharimu kitu.

Mnyama kama mwalimu, mnyama kama mtoto

Ili kupima uzito wa mabadiliko haya, inafaa turejee Snake in the Eagle's Shadow ya mwaka 1978, filamu ya Yuen Woo-ping iliyompa Jackie Chan jina. Kijana anayeonewa anafundishwa na mzee fukara, aliyeigizwa na Yuen Siu-tin, mtindo wa kupigana kama nyoka. Mtindo huo unapopungukiwa, kijana anamwona paka akipambana na swila, na kutokana na pambano hilo anabuni mbinu yake mwenyewe. Katika mfumo huu wa kiishara mzee ni mwalimu, mnyama ni mwalimu, na kijana ni mwanafunzi wa wote wawili. Elimu inashuka kutoka juu, na kijana anaongeza la kwake.

Baada ya miaka 46 nafasi zote zimebadilika. Kijana sasa ndiye mzee, na mnyama ni mtoto mchanga wa kubebwa na kufichwa. Anayekosekana ni mwanafunzi. Hakuna yeyote katika Panda Plan anayejifunza kwa mzee jambo la kudumu. Panda hasemi, harithi kitu, wala hatakumbuka. Jackie Chan aliwahi kumlinda mtoto mchanga wa binadamu katika Rob-B-Hood ya mwaka 2006, lakini katika filamu hiyo mtoto alikuwa kipimo cha maadili: mwizi alilazimika kubadilika. Mzee wa Panda Plan ni mwema tangu mwanzo, na kwa hiyo wema wake hauna safari.

Hapa yafaa tukumbuke ngoma ya kirumbizi, mchezo wa fimbo wa mwambao wetu unaojulikana sana Lamu. Mzee aingiapo uwanjani hatazamiwi kuruka kama barobaro. Hatua chache, mkao wa bega, fimbo inayogusa badala ya kupiga, na watazamaji wanatambua kwamba aliyesimama pale anaujua mchezo. Utu uzima dawa. Sanaa ya uzee haiigi sanaa ya ujana, bali inaifupisha. Panda Plan haikuthubutu kufupisha.

Pingamizi na jibu lake

Mhakiki muadilifu hana budi kulikabili pingamizi moja. Paka na swila wa mwaka 1978 walikuwa wanyama halisi, na pambano lao halikuwa maigizo. Hakuna anayeweza kulitetea jambo hilo leo. Je, si bora panda wa kompyuta asiyeumia kuliko paka wa kweli anayeumia? Panda ni mnyama adimu. Sensa ya China iliyotangazwa mwaka 2015 ilihesabu 1,864 tu wa porini, na mwaka uliofuata alihamishwa kutoka daraja la wanyama walio hatarini kutoweka hadi daraja la wenye mashaka. Kumtoa mchangani wa mapigano ni haki kabisa.

Tunalikubali pingamizi hili. Kosa la filamu haliko katika kumtumia mnyama asiye na mwili. Kosa ni kutolifanya jambo hilo kuwa sehemu ya fikra yake. Ushahidi kwamba lingewezekana ni Ride On ya mwaka 2023, iliyoongozwa na Larry Yang, ambamo Jackie Chan anaigiza mzee aliyeishi kwa kuruka na kuanguka badala ya nyota wengine. Amebakiwa na farasi wake, ambaye huenda akachukuliwa kwa ajili ya deni, na binti waliyefarakana. Filamu hiyo nayo ina machozi kupita kiasi. Hata hivyo, inamweka mzee mbele ya swali lenyewe. Amemfundisha farasi kuruka kama yeye alivyoruka, na hatimaye unafika mruko ambao hawezi kumtaka mnyama auruke. Anamzuia. Kitendo chake kikubwa kuliko vyote ni kutotenda. Huo ndio uokoaji: mtu aliyeishi kwa kuuhatarisha mwili wake anakataa kuuhatarisha mwili wa mwingine.

Mombasa ina kisa chake kinacholingana na hiki, nacho si cha kubuni. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko alikwama pwani ya Malindi. Watu walimkamata kwa nyavu na kwa nguvu za mikono, akapelekwa Haller Park, Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya chokaa kabla ya kuoteshwa miti kuanzia mwaka 1971. Kiboko huyo, Owen, alimwendea kobe mkubwa aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, jina lake Mzee, akajibanza kwake. Kobe kwanza alijitenga, kisha akamwacha. Mzee hakupigana na yeyote. Alikuwapo tu, na kuwapo kwake kukatosha. Kisa hicho kilisambaa ulimwenguni kote kwa sababu miili yote miwili ilikuwa ya kweli, na kwa sababu mkongwe hakujifanya kijana.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba udhaifu wa Panda Plan hautokani na wepesi wake. Ucheshi ni chombo halali cha kuusemea uzee, na Jackie Chan ni mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa mwili ambao sinema imewahi kuwapata. Udhaifu ni woga. Filamu ilipewa mzee, mtoto na hatari, yaani viungo vyote vya hadithi ya urithi, ikachagua kutomrithisha yeyote chochote.

Mzee wa Kibarani, tulipomuuliza baadaye kama alijuta kuja, alitikisa kichwa. Alisema hakuja kumtazama panda, bali alikuja kumjulia hali mwenzake. Kwa kauli hiyo hadhira ilionyesha ukarimu mkubwa kuliko ule wa filamu yenyewe: ilikuwa tayari kumpokea shujaa wake akiwa mzee. Ni filamu iliyokataa kumleta hivyo.