Fikra Njema na Msalaba
Norman Vincent Peale, aliyekuwa mchungaji wa Marble Collegiate Church, New York, tangu 1932 hadi 1984, alitoa kitabu The Power of Positive Thinking mwaka 1952. Hatuna budi kukiri wema wake: kinampunguzia msomaji woga, chamfundisha kusali na kuacha kujidharau. Muuzaji asiyejidharau huuza zaidi; hilo si ajabu.

Shaka yetu i mahali pengine. Peale anamwagiza msomaji arudie Wafilipi 4:13 mara kumi kila siku, kana kwamba ni dawa ya mafanikio. Lakini Paulo aliandika akiwa kifungoni, na aya iliyotangulia yasema amejifunza kushiba na kuona njaa pia. Nguvu anayoitaja ni ya kustahimili yote mawili. Luther, huko Heidelberg mwaka 1518, alitofautisha theolojia ya utukufu na ile ya msalaba; kitabu hiki chaegemea ile ya kwanza. Je, Mkristo ambaye duka lake limefilisika tutamwambia kwamba hakuamini vya kutosha?

Basi na tukisome kwa kiasi. Ila mimbarani tumhubiri Kristo aliyesulibiwa, aliye Bwana wa walioshindwa pia.