"Chanya" katika Majibu ya Saratani ya Matiti

Katika hesabu, istilahi "chanya" na "hasi" hazina utata. Katika majibu ya maabara ya saratani ya matiti, hata hivyo, "chanya" imebebeshwa mizigo mitatu. Vipokezi vya estrojeni vikiwa "chanya", mgonjwa huweza kufaidika na tiba ya homoni, kama vile tamoksifeni. Tezi za limfu za kwapani zikiwa "chanya", saratani imekwisha kufika huko. Kingo za tishu iliyokatwa zikiwa "chanya", seli za saratani zimeonekana ukingoni, na huenda upasuaji ukarudiwa. Msomaji asiye tabibu aweza kudhani kwamba zote tatu ni habari njema.

Ni rahisi pia kuchanganya "daraja" na "hatua". Daraja, 1 hadi 3, hueleza jinsi seli zilivyoacha kufanana na zile za kawaida. Hatua, 0 hadi 4, hueleza ukubwa na uenezi wa ugonjwa. Mwenye saratani ya daraja la 3 aweza kuwa katika hatua ya 1.

Yafaa mfasiri aandike "tezi zina saratani" au "kingo hazina saratani", na neno "chanya" aliachie vipokezi peke yake, tena pamoja na maelezo. Istilahi ambayo mgonjwa haielewi haijatimiza kazi yake, hata ikiwa fupi.