Vina, Mizani na Majirani Watatu: China, Korea na Japani

Wenzangu tunaosoma ushairi tuna kasumba moja inayonikera. Tukifika kwenye fasihi linganishi tunasema "ushairi wa Mashariki ya Mbali", tunataja haiku, tunataja silabi 17, mchezo umekwisha. Eti Mchina, Mkorea na Mjapani wanatunga namna moja kwa kuwa wamepakana, wote waliandika kwa herufi za Kichina na wote walifundishwa Confucius. Nusu ya hayo ni kweli. Makala haya yanakusudia kuitazama nusu iliyobaki, maana ndani yake kuna jambo linalohusu ugomvi wetu wa vina na mizani, huu tuliourithi tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974.

Tuanze na China, kwa ufupi. Katika enzi ya Tang (618–907), zama za Li Bai na Du Fu, shairi la kanuni lilikuwa na mishororo 4 au 8, na kila mshororo herufi 5 au 7. Herufi moja ya Kichina ni silabi moja, kwa hiyo ukihesabu herufi umekwisha hesabu mizani. Vina hukaa mwishoni mwa mshororo wa 2, wa 4 na kuendelea hivyo. Juu ya hayo kuna sharti ambalo Sheikh Amri Abedi hakulihitaji katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954): mpangilio wa toni ndani ya mshororo. Kwetu Kiswahili sanifu hakina toni, basi tulipite.

Japani ndiko panaponoga. Mkusanyo wa Man'yoshu wa karne ya 8 una mashairi zaidi ya 4,500, na mengi ni tanka, yaani mizani 31 zilizogawanywa 5, 7, 5, 7, 7. Haiku ilimegwa kutoka sehemu ya juu ya umbo hilo, nayo ilipata jina lake la leo kwa Masaoka Shiki mwishoni mwa karne ya 19. Sasa hebu tazama wanavyohesabu. Sisi tunasema "mtu" ni mizani 2, m-tu, na "kaa" ni mizani 2, ka-a. Wao vilevile! Sauti ya n inayofunga silabi wanaihesabu peke yake, na irabu ndefu wanaihesabu mara mbili. Nihon, jina la nchi yao, ni mizani 3. Tokyo, wakiitamka wenyewe, ni mizani 4: To-o-kyo-o. Mchina hawezi kufanya hivyo, kwake herufi ni moja tu, iwe ndefu au fupi. Kumbe katika kuhesabu, Mjapani anafanana zaidi na malenga wa Pate na Mombasa kuliko jirani yake wa ng'ambo ya maji.

Lakini tanka na haiku hazina vina. Kwa nini? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Kijapani kina irabu 5 tu na karibu maneno yote huishia na irabu, kwa hiyo kina kingekuwa rahisi mno na kisingekuwa na ladha. Mimi maelezo haya siyakubali, na sababu yangu ni Kiswahili. Irabu zetu ni 5 vilevile. Maneno yetu huishia na irabu vilevile. Mbona tumetunga kwa vina karne nyingi, vya kati na vya mwisho, na hakuna aliyechoka? Wahenga wetu walilitatua tatizo hilo kwa kuitaka silabi nzima: -a pekee haitoshi, lazima -ka ijibiwe na -ka. Mjapani angeweza kufanya hivyo hivyo. Si kwamba hakuvijua vina, maana mkusanyo wa Kaifuso wa mwaka 751 ni mashairi ya Kichina, yenye vina, yaliyotungwa na Wajapani.

Naona jibu liko masikioni. Mjapani msomi alipolisoma shairi la Kichina alizoea kulipangua: alihamisha maneno, akaweka kitenzi mwisho kama lugha yake inavyotaka, akaongeza viambishi vyake. Kwa usomaji wa namna hiyo kina kinabaki kwenye karatasi, sikio halikipati. Mswahili naye alikutana na ushairi wa Kiarabu kwa njia nyingine kabisa. Kasida ilighaniwa kwa Kiarabu chenyewe, katika maulidi, kina kikigonga mwisho wa kila ubeti hata kwa asiyejua maana yake. Ndiyo maana nasita ninapomsikia mtu akidai vina ni "uti wa mgongo" wa ushairi. Wa ushairi upi?

Korea inaleta kesi nyingine. Wasomi wake walisoma Kichina kwa mpangilio wa Kichina, kwa matamshi yao ya Kikorea, kwa hiyo vina walivisikia, na mtihani wa utumishi wa serikali, uliofutwa mwaka 1894, uliwadai wavitunge. Hata hivyo sijo, shairi lao la kuimbwa, halina vina. Lina mishororo 3, kila mmoja vipande 4, silabi takriban 45 kwa jumla. Hesabu si kali kama ya Japani, silabi moja ikizidi hakuna atakayekupigia kelele, isipokuwa mahali pamoja: kipande cha kwanza cha mshororo wa mwisho lazima kiwe silabi 3. Hapo ndipo shairi hugeuka. Kibwagizo chetu hurudi na neno lile lile, wao mwisho hukukatalia ulichokwisha kuamini. Kwa maoni yangu kina kilibaki upande wa mtihani na mashairi ya kiofisa, na sijo ikabaki upande wa sauti na ngoma.

Mfalme Sejong aliwapa hati yao, iliyotangazwa mwaka 1446, akisema waziwazi kuwa lugha ya nchi yake si ya China. Wakubwa waliidharau wakaiona ni ya wanawake, kama ilivyokuwa Japani, ambako Ki no Tsurayuki alipoandika shajara yake ya safari ya Tosa karne ya 10 kwa hati ya kana alijifanya mwanamke. Huu ndio mfanano wa kweli wa majirani hawa wawili, nao hauwahusu China hata kidogo.

Na tofauti hizi si za darasani tu. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, na katika miaka ya mwisho Kikorea kiliondolewa shuleni, watu wakashinikizwa kuchukua majina ya Kijapani, yote kwa hoja kwamba eti ni watu wamoja. Mshairi Yun Dong-ju, mwanafunzi kama sisi, alikamatwa akisoma Japani mwaka 1943 na akafia gerezani Fukuoka Februari 1945, akiwa na miaka 27. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1948. Mashairi yake ni huru, hayafuati hesabu ya sijo wala ya tanka, na yameandikwa kwa hati ya Sejong.