Sifa za Mwashi wa Chokaa

Mgeni anayefika Bagamoyo huelekezwa kwanza magofu ya Kaole au kanisa la misheni. Mimi wangu humpitisha kwanza Caravan Serai, ule ua wa kale wa misafara ya karne ya 19. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara. Marobota ya merikani na shanga yakapanda. Mzigo wa mpagazi mmoja ulifika frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na watu waliubeba kwa miguu hadi Tabora na Ujiji. Leo palepale tunapokea watalii, na wengi wao hutazama picha ukutani bila kuutazama ukuta wenyewe.

Bohari la ua kama huu lilijengwa kwa ajili ya mali. Mali haihitaji mwanga, haitaki upepo mwingi, wala hailalamiki mlango ukiwa mfinyu. Binadamu anataka vyote hivyo, tena anataka na choo. Bohari likigeuzwa kituo cha wageni, hapo ndipo kazi ya mwashi inapoanza kuwa ngumu, na kwangu hakuna ufundi wa ujenzi unaostahili sifa zaidi ya huu.

Kuta za majengo ya kale ya pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wa nusu mita au zaidi, na juu yake zimelala boriti za mikoko. Boriti hazivuki nafasi kubwa, mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Msanifu mwenye haraka hutaka ukumbi mpana wa maonyesho na madirisha makubwa. Mwashi mzoefu hupitisha kidole ukutani, akaonyesha uzito wa dari unashukia wapi, akasema dirisha hilo halitobolewi. Kukataa huko ni sehemu ya ufundi. Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, la mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu Desemba 2020 huku ukarabati ukiendelea; majengo haya hayana subira na mtu anayeyagusa ovyo. Mwanga utafutwe kwingine: mlango wa uani uachwe wazi, kuta za ndani zipakwe chokaa nyeupe, giza lililobaki livumiliwe. Binafsi nalipenda giza hilo. Bohari lenye mwanga wa benki limekwisha kusahau kazi yake.

Halafu kuna saruji. Maji ya ardhini hupanda ukutani pamoja na chumvi ya bahari. Lipu ya chokaa huyaruhusu kutoka. Chumvi inabaki juu, lipu inabanduka, inapigwa nyingine. Ukiupiga ukuta huo lipu ya saruji utapendeza mwaka wa kwanza. Ila maji yamefungiwa ndani, chumvi inaganda katikati ya matumbawe, na jiwe linasagika kimyakimya nyuma ya uso laini. Wanaosema chokaa ni dhaifu hawajakosea. Imewekwa pale ili iharibike yenyewe, jiwe lisalimike.

Kuiandaa chokaa nako si kazi ya siku moja. Matumbawe huchomwa juu ya tanuu la magogo, yakazimwa kwa maji, uji wake ukalazwa shimoni ukiwa mbichi kwa miezi. Ndipo uchanganywe na mchanga, mwashi atomee nyufa kwa vijiwe vidogo, apige lipu tabaka jembamba baada ya jembamba, kila moja likifunikwa kwa magunia yenye maji jua lisilipasue. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa ukaa polepole. Mkandarasi mwenye tarehe ya ufunguzi mkononi haipendi tabia hiyo, nami namwelewa, ila ukuta haujui kalenda yake.

Bajeti za ukarabati nyingi huishia siku ya kukata utepe. Ningeomba kituo chochote cha wageni kilichotokana na bohari la pwani kichimbe shimo la chokaa nyuma ya dirisha la tiketi, lijazwe na lifunikwe, na mwashi mmoja awe kwenye orodha ya mishahara pamoja na mwongoza watalii. Kila masika ikipita atazunguka na mwiko wake, akibandua kilichooza na kupiga kipya, wageni wakiwepo.